Timu ya stendi na fedha ya mgodi



Leo naomba tuzungumze habari za timu ya mpira. Wewe usiyependa mpira, tafadhali usizime redio. Nitakayosema yanakihusu pia chama chako cha kuweka na kukopa, yanaihusu shule ya mtaa wako na kile kikundi cha kuzikana ulichojiunga nacho. Yanahusu mali ya watu wengi, na jinsi mali hiyo inavyoweza kupotea mchana kweupe, wenyewe wakiwa macho na wanapiga makofi.

Timu yenyewe ni Stand United ya Shinyanga. Jina linajieleza. Haikuzaliwa ofisini wala kambini. Ilizaliwa stendi ya mabasi, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mikononi mwa wapiga debe na wenzao wanaopata riziki pale. Wewe uliyewahi kusafiri unawajua watu hao. Ndio wanaokunyang'anya begi kabla hujashuka kwenye teksi, ndio wanaokuapia kwamba basi linaondoka sasa hivi, nawe ukishalipa unakaa saa nzima. Tumezoea kuwaita wahuni. Basi hao tunaowaita wahuni walichangishana, wakanunua mipira na jezi, wakasajili timu, na katika miaka michache wakaifikisha mahali ambapo wengi wetu wenye vyeti na tai hatujafikisha hata timu ya kitongoji.

Wakaipa na jina la utani: Chama la Wana. Angalia walivyolisema. Kiswahili cha darasani kinataka "chama cha wana". Lakini kijana wa mtaani anapotaka kukikuza kitu, anakipa "la". Chama la Wana, maana yake chama kubwa, chama la watoto wa mjini. Katika herufi hizo mbili tu kulikuwa na majivuno ya mji mzima.

Msimu wa 2014/15 timu hiyo ilikuwa Ligi Kuu. Ilipanda pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro. Mechi ya kwanza ikachezwa nyumbani, Uwanja wa Kambarage, Septemba 2014, wageni wakiwa Ndanda. Uwanja ulijaa. Matokeo, msikilizaji, yalikuwa ya aibu: Stand 1, Ndanda 4. Watu walirudi nyumbani wakisema basi, hawa watashuka kabla ya Krismasi.

Hawakushuka. Wiki chache baadaye walikwenda Dar es Salaam, wakatoka sare ya bao 1-1 na Simba. Februari 2015 Simba wakaja Shinyanga, wakafungwa bao 1-0. Siku ile niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona katika mji wetu. Kwa kawaida Simba au Yanga wakija mikoani, uwanja mzima unakuwa wa wageni. Watu wa Shinyanga wanaingia Kambarage kuishangilia timu ya Kariakoo, na ile ya nyumbani inacheza kama imekosea njia. Siku ile watu walishangilia timu yao. Wazee wenye kadi za Simba za miaka na miaka walikuwa wakirukaruka kwa sababu Simba kafungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba timu ya mkoa ikiwa na mizizi inaweza kumfanya mtu aone fahari ya kuwa wa hapo alipo.

Sasa nije kwenye fedha.

Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, ambayo wakati huo ilikuwa na migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi huku kwetu, na North Mara kule Tarime, ilitangaza kuidhamini Stand United kwa mkataba wa miaka miwili. Kiasi chake kilipita shilingi bilioni mbili. Kwa timu iliyozaliwa kwa michango ya stendi, hiyo ilikuwa mvua ya mawe. Likaja benchi la ufundi la maana, akaja hata kocha Mfaransa, Patrick Liewig, aliyewahi kuifundisha Simba. Wachezaji wakaja kutoka kila upande. Jirani zetu wa Mwanza, waliozoea kututazama kwa jicho la huruma, wakaanza kutuonea wivu.

Hapa lazima nikiri jambo. Habari ile ya udhamini niliisoma mimi mwenyewe hewani. Niliisoma kwa sauti ya furaha, kama mtu anayetangaza harusi. Baadaye nikafanya mahojiano marefu, nikauliza atasajiliwa nani, kambi itakuwa wapi, timu itashika nafasi ya ngapi. Swali moja sikuliuliza: fedha hizi zinaingia katika mfuko wa nani? Yaani, mwenye timu ni nani? Ni wale vijana wa stendi walioianzisha? Ni wanachama wenye kadi, na kama ni hao, daftari lao liko wapi? Au ni viongozi waliotia saini? Mtu aliyesomea kazi hii darasani, akatunukiwa stashahada, alipaswa kuuliza hilo kabla ya kuuliza habari za kambi. Sikuuliza. Nilikuwa shabiki mwenye kipaza sauti, na msikilizaji, hakuna mwandishi mbaya kuliko huyo.

Swali nisilouliza mimi likajiuliza lenyewe. Haukupita hata mwaka na nusu klabu ikapasuka pande mbili. Upande mmoja ulisema Stand United ni kampuni, iendeshwe kama kampuni. Wa pili ulisema Stand United ni klabu ya wanachama, na wanachama ndio wenye mali. Kila upande ukawa na viongozi wake na wapambe wake. Mambo yakafika Shirikisho la Soka, TFF, na Baraza la Michezo la Taifa. Mwaka 2016, katikati ya vurugu hiyo, Acacia wakajitoa katika udhamini.

Simlaumu mdhamini. Wewe ungefanyaje? Umealikwa chakula, ukifika mlangoni unakuta watu wawili wanavutana shati, kila mmoja anasema nyumba ni yake. Unaweka sahani chini, unaondoka.

Wala sitaki kusema upande fulani ulikuwa na haki na mwingine ulikuwa mwizi. Mimi si hakimu. Ninachosema ni kwamba timu haikuwahi kuamua ni ya nani wakati ikiwa maskini, kwa sababu maskini hawagombanii sufuria tupu. Siku ilipotiwa nyama ndipo kila mtu alipokumbuka kwamba alichangia kuni. Laiti jambo hilo lingeandikwa na kukubaliwa siku za sufuria tupu, pasingekuwa na ugomvi.

Pamoja na hayo yote, vijana uwanjani walikuwa simba kweli kweli. Septemba 2016, mdhamini keshaondoka, waliifunga Yanga bao 1-0 pale Kambarage, mfungaji akiwa Pastory Athanas. Miezi michache baadaye kijana huyo alikuwa amevaa jezi ya Simba. Ndivyo ilivyo: timu ya mkoani ikiotesha, wenye mapanga wa Kariakoo wanavuna. Mwaka 2018 Stand walifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakatolewa na Mtibwa Sugar kwenye uwanja wao wa nyumbani.

Kisha ukaja msimu wa 2018/19, msimu ambao kila nikiukumbuka nashindwa kujua nicheke au nilie. Septemba 2018 walikwenda Dar kucheza na Yanga. Mshambuliaji wao kutoka Burundi, Alex Kitenge, alifunga mabao matatu peke yake. Mabao matatu dhidi ya Yanga, Uwanja wa Taifa! Wakapoteza mchezo kwa mabao 4-3. Januari 2019 Yanga walikuja Shinyanga wakiwa hawajafungwa hata mchezo mmoja wa ligi msimu ule. Wakafungwa bao moja na Jacob Massawe, mchezo ukielekea kwisha. Mji haukulala.

Mei mwaka huohuo, timu iliyomvunjia Yanga rekodi ikashuka daraja.

Watu wanauliza: timu inayomfunga Yanga inashukaje? Jibu si gumu. Kumfunga Yanga ni kazi ya dakika tisini, na dakika tisini unaweza kucheza kwa moyo. Ligi ya msimu ule ilikuwa na timu ishirini, michezo 38. Ligi yenyewe ilianza bila mdhamini mkuu. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000 kwa barabara, halafu kuna Mtwara, kuna Mbeya, kuna Tanga. Huko kote kunahitaji mafuta, chakula na mahali pa kulala. Moyo haununui dizeli. Msimu mzima unachezwa kwa mfuko, na mfuko wa Stand ulikuwa umetoboka tangu 2016.

Hadi hapo, msikilizaji, utasema dawa ni rahisi: timu iwe na mwenyewe mmoja, mwenye nguvu, na ugomvi utakwisha. Nami nilifikiri hivyo. Basi tutoke mjini, twende Mwadui.

Mwadui ni karibu tu, wilayani Kishapu. Ndipo John Williamson alipoipata almasi mwaka 1940, na ndipo lilipotoka lile jiwe la rangi ya waridi alilopewa Malkia Elizabeth kabla hajawa malkia. Mgodi ule una historia ndefu ya mpira, na mwaka 2015 timu yake, Mwadui FC, ilipanda Ligi Kuu chini ya kocha Jamhuri Kihwelo, yule tunayemwita Julio. Kwa miaka minne, mkoa wetu ukawa na timu mbili Ligi Kuu. Mwadui hapakuwa na ugomvi wa nani mwenye timu. Mwenyewe alijulikana: mgodi. Stand waliposhuka mwaka 2019, Mwadui walibaki.

Lakini Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipozifunga nchi nyingi na bei ya almasi ikaporomoka, mgodi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji. Ulirudi kazini mwaka uliofuata, 2021. Na ni msimu gani Mwadui FC ilishuka daraja? Msimu wa 2020/21, ule ule ambao mgodi ulikuwa umelala. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Mpira una mambo mengi. Lakini mtoto anayelishwa na mtu mmoja, siku mtu huyo akiugua, mtoto naye analala njaa.

Basi tuvuke kidogo upande wa magharibi, twende Geita, kwenye dhahabu. Kule walichagua njia ya tatu. Timu ya Geita Gold ilikuwa ya halmashauri ya mji, na mgodi mkubwa wa GGM ulikuwa ukiibeba kwa udhamini. Yaani mwenyewe alikuwa serikali ya mji, mfuko ulikuwa wa mgodi.

Geita walianza vibaya. Februari 2016, siku ya mwisho ya ligi daraja la kwanza, walikuwa wakigombea nafasi ya kupanda na Polisi Tabora kwa wingi wa mabao. Siku hiyo Geita wakashinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa, na Polisi Tabora wakashinda 7-0 dhidi ya JKT Oljoro. Mabao kumi na matano katika viwanja viwili, mchana mmoja. Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza. TFF wakauliza, na Aprili 2016 timu hizo zikashushwa kwa kosa la kupanga matokeo. Aliyepanda akawa Mbao FC ya Mwanza, aliyekuwa hana habari. Mwaka uliofuata Mbao hao hao wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza pale Dodoma. Nao wakashuka mwaka 2020.

Geita hawakufa. Walirudi taratibu, na mwaka 2021 wakapanda Ligi Kuu, safari hii kwa miguu yao. Msimu wao wa kwanza, chini ya kocha Fred Felix Minziro, wakashika nafasi ya nne. Mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimzidi kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Akaitwa timu ya taifa, akafunga dhidi ya Niger. Septemba 2022 Geita Gold wakacheza Kombe la Shirikisho la Afrika, wakatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Mji wa wachimbaji umefika Afrika ndani ya mwaka mmoja!

Na mwisho wake? Mpole aliondoka kwenda Lupopo ya Lubumbashi. Mei 2024 Geita Gold wakashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Misimu mitatu, basi.

Kwa hiyo, msikilizaji, tazama mzunguko huu. Timu ya wananchi imepanda na kushuka. Ya mgodi hivyo hivyo, na ya halmashauri iliyolishwa na mgodi nayo vivyo hivyo. Na yote hayo yametokea ndani ya miaka kumi, 2014 hadi 2024, katika eneo ambalo basi moja linaweza kulizunguka kwa siku moja.

Wenye umri wangu na kunizidi wataniambia hili si jipya, na ni kweli. Nani asiyekumbuka Pamba ya Mwanza, mabingwa wa Muungano mwaka 1990? Nyuma ya Pamba kulikuwa na zao la pamba na mashirika yake. Nani asiyekumbuka timu za RTC, za Reli, za Ushirika? Zilikuwa timu za mashirika ya umma. Miaka ya 1990 mashirika yalipouzwa au kufungwa, timu zikafuata makaburini. Pamba walishuka mwaka 2001, wakarudi Ligi Kuu mwaka 2024, miaka 23 baadaye. Mtoto aliyezaliwa siku waliposhuka alikuwa tayari na ndevu.

Basi tofauti ya jana na leo ni jina tu la mlishaji. Zamani ilikuwa pamba, sasa ni dhahabu. Na dhahabu ina tabia moja ambayo hata pamba haina: ukiichimba haioti tena. Hata kama Stand wasingegombana, fedha ya Acacia ingedumu mpaka lini? Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na kampuni ikaingia katika mgogoro mkubwa. Mwaka 2019 Barrick wakainunua Acacia yote, na jina hilo likafutika. Mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi ukaanza kufungwa. Mgodi unafungwa kama duka. Mji haufungwi.

Sasa utaniuliza, mtangazaji, umetueleza misiba, matanga yanaisha lini? Mimi nina mawazo matatu, wala si ya kitaalamu.

La kwanza, mwenye timu ajulikane kwa maandishi kabla fedha haijaja. Wajerumani wana kanuni tangu mwaka 1998 kwamba wanachama wa klabu wawe na zaidi ya nusu ya kura, hata mwenye fedha awe tajiri kiasi gani. Hapa kwetu, Simba walipokuwa katika safari ya mabadiliko mwaka 2017, serikali nayo ilisimamia kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Kanuni nzuri. Lakini asilimia 51 ya wanachama inahitaji kwanza wanachama: daftari lenye majina, kadi iliyolipiwa, mkutano wenye muhtasari. Shabiki anayepiga kelele Kambarage ni shabiki tu. Mwanachama ni yule anayeweza kusimama mkutanoni akaomba hesabu, na akapewa.

La pili, fedha ya mgodi isiishie kwenye mishahara. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kila mgodi unatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wake wa kuihudumia jamii. Ikiwa michezo itaingia katika mpango huo, basi tuombe kitu kitakachobaki: uwanja wenye majani, basi la timu, kituo cha vijana wa miaka kumi na mitano. Mshambuliaji wa kigeni anaondoka na mkataba wake. Uwanja hauna mkataba wa kuondoka.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Tunasema tunaipenda timu ya nyumbani, lakini tunaipenda inapomfunga Yanga. Jumatano ya mvua, mgeni akiwa timu isiyo na jina, jukwaani unahesabu watu kwa vidole. Kisha Simba akija tunalipa kiingilio mara tatu, na wengine tunavaa jezi nyekundu. Klabu isiyopata kitu mlangoni itakwenda kuomba mgodini, na anayeomba hachagui. Halafu sisi waandishi tuache kutangaza udhamini kama harusi. Tuulize mahari imepokelewa na nani.

Juzi nilipita stendi. Kijana mmoja akanitambua kwa sauti kabla hajaniona sura. Akasema, "Mzee wa redio, mbona siku hizi hamtutaji?" Nikamwambia, nyinyi si mmeshuka. Akacheka. Akasema, "Kushuka kwetu ni kawaida, kaka mkubwa. Sisi kazi yetu ni watu kupanda na kushuka. Lakini wewe umeshawahi kuona stendi imeondoka?"

Nikakosa jibu, maana alikuwa amesema katika sentensi moja yale niliyowachosha nayo dakika zote hizi. Ni kweli: Stand United haijafa. Msimu wa 2024/25 ilifika hadi mchujo wa kuwania kurudi Ligi Kuu. Mlango ulifungwa mbele yake, lakini ilifika mlangoni, zaidi ya miaka minane baada ya mdhamini mkubwa kuondoka. Kilichoibakiza hai ni wale wale tunaowaita wahuni.

Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwaka 2015. Nikasema, mdogo wangu, timu hii ni ya nani? Akatazama basi lililokuwa linaingia, akalikimbilia, na huku akikimbia akajibu, "Ya kwetu!"

Vizuri. Lakini mdogo wangu, kama ni ya kwenu, andikeni. Andikeni leo, wakati sufuria bado tupu. Mgeni mwenye nyama anaweza kubisha hodi kesho.